Piko ya Bi Muzna

Muzna ni mdogo wangu wa ziwa moja. Anakaa Michenzani, ghorofa ya nne. Mimi mtu wa kuzunguka, leo Mangapwani, kesho Paje, lakini kila nikiingia mjini huzipanda ngazi zile nikamjulie hali. Sukari imemshika tangu hajawa na mvi, na miguu yake ikafa ganzi kidogo kidogo.

Mwaka wa tisini na mbili alimuoza binti yake, Rasha. Bi Mwatum, fundi wa hina na piko, ile rangi nyeusi, akaja kuwapamba wanawake. Mimi nilikuwa ukumbini, pazia katikati yetu, nayasikia yote.

"We Muzna! Kidole hiki cha mwisho kina kidonda!"

"Kiatu kipya kimenichuna. Paka tu."

"Piko juu ya kidonda? Hakikuumi?"

"Hata chembe. Wataka mama wa bibi harusi aingie na kidole kitupu, watu wanicheke?"

"Haya, bibi harusi wa pili, nyoosha mguu!"

Wakacheka, na mimi nikacheka peke yangu. Kumbe mtu wa sukari kidonda kisipomuuma ndipo pa kuogopa. Sisi tulikuwa tukiogopa maumivu.

Harusi ikapita. Piko ikafifia vidole vyote, kile cha mwisho kikabaki cheusi ti. Akiulizwa, husema, "Ya Mwatum imekolea." Nikaona nyumba haipoi udi, asubuhi udi, jioni udi, na chini ya udi ipo harufu nyengine.

"Muzna, twende hospitali."

"Nende wakanikate? Nikirudi na mguu mmoja, nani atanipandisha ngazi hizi? N'tazikwa humu humu, kaka, nami ni hai."

"Watatoa kidole tu."

"Huanza kidole."

Sikumshurutisha tena, maana ngazi nazijua. Basi akawa anakaa, mguu umefunikwa kanga, wageni wakija hainuki. Mkwewe, Suud, akidhani mama kachoka na shughuli. Mpaka homa ikampanda, akawa anaweweseka. Ndipo Suud na jirani wakamshusha juu ya kiti, mmoja mbele, mmoja nyuma.

Daktari alisema naye kwa upole. "Bi Muzna, ungewahi, pengine tungetoa kidole peke yake. Sasa uozo umepanda na damu haishuki vizuri. Tusipoukata mguu, tutakukosa wewe."

Akageukia ukutani. "Kateni, basi."

Alichokikimbia ndicho anachokiishi. Siku nzima yuko dirishani. Muuza samaki akipita, humteremshia kikapu kwa kamba, wakagombana bei, yeye juu, mwenzake chini, mtaa mzima unasikia. Kushuka hashuki ila abebwe. Mguu uliobaki hawezi kuukagua unyayo, kwani macho nayo yamepata ukungu. Kwa hiyo nikifika, hata chai sijainywa, hunyoosha mguu.

"Kaka, nitazamie."

Juzi niliuweka pajani, nikaona wekundu kisiginoni, umevimba kidogo. Nikaubonyeza kwa kidole gumba.

"Mbona hugusi?" akaniuliza.

"Nshagusa, Muzna. Na sasa nnagusa."

Chini muuza samaki alikuwa anamwita, hakumwitikia.

"Pana nini?"

"Pamekuwa pekundu."

Akaivuta kanga yake, akajitanda vizuri kichwani.

"Mwite Suud aje na kiti. Leo hii, kaka, si kesho."