Mama Mkwe Aliyeshindwa Kutukana

Mama mkwe wangu ni dobi wa hospitali, na kazini wanamwita Mama Samahani. Akigongana na kitoroli cha mashuka, anakiomba radhi kitoroli. Sasa mtu kama huyo, jamani, nani alimpa nafasi ya mkwe katili? Mfamasia wa hospitali hiyo hiyo, ndiye mwongozaji wa kikundi chetu cha maigizo. Eti kwa kuwa ni mkwe wangu kweli, watazamaji wataamini.

Mimi nilikuwa mhusika mkuu: mke mpole anayenyanyaswa mpaka siku moja anasimama, anafungua mlango, anaondoka zake. "Moyo wako hakuna anayeuona," Mfamasia aliniambia. "Watauona kwa jinsi mnavyojibizana. Yeye akukandamize, wewe uchemke taratibu." Kunikandamiza kwenyewe ndiko huku: "Mwanamke gani wewe, goigoi!" Halafu papo hapo, "Samahani mwanangu, umekula?" Hasira niitoe wapi? Mfamasia akaapa kwamba nisipotoka mlango ule kwa hasira ya kweli, nafasi anampa binamu yake. Nililia siku hiyo, maana niliitaka kwa kufa na kupona.

Siku ya onyesho ukumbi ulifurika. Baba mkwe alikaa mstari wa mbele, miguu kainyoosha. Mama akanitukana, akaomba radhi, watu wakacheka. Nikamnong'oneza, "Mama, nakuomba, niudhi hata kidogo!" Akavuta pumzi, akafungua mdomo, ikatoka "samahani" nyingine. Hapo uvumilivu ukanishinda, nikamfokea mbele ya umati: "Samahani ya nini kila saa? Umemkosea nani?"

Akafikiri kweli kweli, midomo inamcheza.

"Hakuna," akasema. Kisha kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia: "Sijamkosea mtu! Miaka yote hii, sijamkosea mtu yeyote!"

Akavua aproni, akaitupa chini, akafungua mlango, ule mlango wangu jamani, akatoka. Ukumbi mzima ukasimama kwa makofi. Nilimwonea wivu, na sijawahi kumpenda kama wakati ule.

Tulimtafuta nyuma ya jukwaa, hola. Alikuwa ameshakwenda kupanga chumba jirani na hospitali, na anaishi huko peke yake hadi leo. Siku ile watu wakaisha ukumbini, mfagizi akaanza kukusanya viti. Baba mkwe bado amekaa kwenye chake, macho kwenye mlango. Aliponiona akanivuta mkono.

"Mwanangu, sehemu ya pili inaanza saa ngapi? Funguo za nyumba anazo mama yenu."