Mwalimu wa Idete aliyewaingiza wavunja kokoto darasani

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Katika shule moja ya sekondari ya kata huko Idete, wanafunzi wa kidato cha nne wanasimama kwa kishindo. Anayeingia si mkaguzi wala mkuu wa shule. Ni Paulina Mponji, mwenye miaka 75, amejitanda kanga, kandambili zake zina matope ya majaruba ya mpunga.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba wajukuu zangu. Kaeni."

Mwalimu wa Historia, Brigita Ligoha (41), anamsogezea kiti chake mwenyewe, kisha anakwenda kukaa dawati la nyuma. Somo la leo ni ujenzi wa reli inayokatiza Bonde la Kilombero, na mwalimu ni Paulina.

"Tulikuwa wanawake kumi na tisa," anaanza. "Tunavunja kokoto kwa nyundo, tunajaza karai, tunabeba. Mnyapara hakuwa na haja ya majina yetu. Aliandika tu, vibarua."

Kalamu zinakimbia madaftarini.

Miaka sita iliyopita, Brigita alikuwa akifundisha mada hiyohiyo pale msichana aitwaye Gladness aliponyoosha mkono na kusema bibi yake, huyu Paulina, alijenga reli.

"Fiksi!" mmoja akapayuka. Darasa zima likaangua kicheko.

Brigita naye akatabasamu. "Labda aliwauzia mafundi maandazi," akasema.

"Niliuona uso wa yule mtoto ukinyong'onyea," anakumbuka. "Wiki mbili hakunyoosha mkono tena. Mimi ni binti wa mvuvi wa Kindamba. Sijawahi kuwaona watu wangu kwenye kitabu cha shule, hata ukurasa mmoja. Halafu mimi huyohuyo ndiye nimemfuta bibi wa mwenzangu."

Jumamosi baada ya wiki hizo mbili alipanda baiskeli kwenda kuomba radhi. Alimkuta Paulina akipepeta mchele. Mama huyo alimwonyesha kidole gumba cha kushoto, ambacho hakijaota kucha tangu mwaka 1973 nyundo ilipokiponda.

"Mimi kuandikwa sikudai, mwalimu," alimwambia. "Nataka mjukuu wangu asichekwe."

Jumatatu Brigita alisimama mbele ya darasa na kusema amekosea. "Sisi walimu hatujazoea kukiri makosa," anasema. Wiki ileile akamleta Paulina darasani.

Gladness, ambaye sasa ni muuguzi mjini Ifakara, anaikumbuka siku hiyo. "Bibi alipokuwa akiongea, mimi sikumtazama yeye. Niliwatazama waliocheka."

Tangu hapo Brigita amewahoji watu 34: wafinyanzi, wachonga mitumbwi, vibarua wa mashamba ya miwa kule Kidatu. Nauli na kutoa nakala humla kama shilingi elfu ishirini za mshahara wake kila mwezi.

Haikuwa rahisi. Alipomwalika mfugaji wa Kisukuma, wazazi wawili wakulima walifika shuleni wakifoka, kwa ule ugomvi wa siku nyingi wa wakulima na wafugaji. Brigita aliwavutia viti wakae wasikilize. Mmoja aliondoka. Mwingine alibaki mpaka kengele ilipolia, akampa mgeni mkono.

Mwalimu wa taaluma, Sylvanus, naye alipinga. "Nilimwambia mtihani hautamuuliza mtoto habari za Bibi Paulina," anakiri. "Nilihofia matokeo."

Wakakubaliana mada za mtaala zikamilike zote, wageni wawe wawili kwa muhula. Mwaka jana, kati ya wanafunzi 58, waliofaulu Historia ni 52. Mwezi uliopita Sylvanus alimleta mama yake mzazi, mfinyanzi kutoka upande wa Mahenge, na kumtambulisha darasani yeye mwenyewe.

Brigita amekwisha kuchapa kurasa 112. Anataka ziwe kijitabu kitakachofika kila shule ya kata hiyo. "Mtoto akifungua akute jina la kwao," anasema. "Awe wa mtoni, wa shambani au wa zizini."

Lakini kwanza, mwezi Juni, anataka kulipandisha darasa treni ya abiria kutoka Ifakara hadi Mlimba, Paulina akiwa mgeni wa heshima. Kengele imelia, na anamweleza mpango huo wakiwa mlangoni.

"Bibi, kweli hujawahi kuipanda?"

"Nani alinikatia tiketi?" Paulina anacheka, akijifunga kanga vizuri. "Nitakuja. Ila mniweke dirishani. Nataka kuiona kazi yetu."