Bi Pindo na Mabega ya Daraja

Siku Daraja alipotangaza kwamba hagombei urais, mtaa mzima ulikuwa umejazana kwa kinyozi kutazama televisheni. Kati ya watu wote wale, Bi Pindo peke yake hakuwa akimsikiliza. Alikuwa anatazama bega la kushoto la koti. Lilikaa sawasawa, halikubonyea, wala halikukunjika hata mwenyewe alipoinua mkono kunywa maji. Bi Pindo akashusha pumzi. Hapo ndipo Daraja aliposema, "Ndugu zangu, sitagombea. Nawashukuru kwa imani yenu," akavua miwani, akaondoka bila kutaja sababu.

Kinyozi akabaki na wembe hewani, mteja na povu lake shavuni. Kisha mtu wa nyuma akapiga kelele.

"Kanunuliwa huyo!"

"Kanunuliwa wapi? Kaogopa!"

"Angekuwa anaumwa tungeelewa," akasema kinyozi. "Lakini si mmemwona? Mzima kama chuma. Bega lile ni la mgonjwa?"

Jamani, Bi Pindo akarudi nyuma mpaka mlangoni. Bega lile lilikuwa lake. Alilijenga mwenyewe kwa sindano, tabaka tatu za pamba kulia na nne kushoto, na kifuani akaingiza kitambaa kigumu ili koti lisimame hata kama mwenye koti hasimami. Kwa miaka arobaini ya ufundi hakuwahi kushona kitu kizuri kama kile. Na sasa ustadi wake ndio uliokuwa unamtukanisha mtu.

Niwaambie huyu Bi Pindo ni nani. Ni fundi cherehani, mjane, mwenye duka la chumba kimoja lenye mlango wa mbele na wa uani, cherehani mbili, pasi nzito na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Jina hilo alipewa kwa sababu nguo haijawahi kutoka kwake na pindo lililopinda. Bora harusi ichelewe. Kazi alifundishwa na baba yake, mzee mkali aliyekuwa na sheria mbili. Ya kwanza: nguo ya mteja isiyokwisha hufunikwa shuka mtu mwingine akiingia, maana mwili wa mtu si gazeti la kusomwa na kila mpita njia. Ya pili: anayepima hutaja namba, na anayeandika huirudia kwa sauti, ndipo aiingize kwenye daftari. Mkasi hausahihishwi, alikuwa akisema.

Aliyekuwa akiandika zamani ni mdogo wake Bi Pindo, na kwa sheria hiyo ya pili alipata jina. Mtoto alikuwa na sauti! Baba akitaja kiuno cha mama fulani, yeye anakirudia mpaka muuza mkaa ng'ambo ya barabara anakisikia. Wateja walicheka, wengine walinuna, baba alimkaripia mpaka akachoka. Wakamwita Kipaza, na Kipaza akabaki. Ufundi aliujua vizuri sana, lakini alipokua akaona sauti ile imezidi chumba kimoja, akaenda kwenye siasa. Miaka kumi na miwili alipiga hodi nyumba kwa nyumba akimwombea kura Daraja. Alimpenda kama baba.

Daraja naye hakuwa mtu wa kushuka kutoka juu. Alikuwa mkaguzi wa barabara, aliyewasumbua wakubwa kwa barua na foleni mpaka mto uliokuwa unaua watoto wa shule ukapata daraja, naye akapata jina na kuingia siasa. Koti lake la kwanza alishonewa na Bi Pindo, na tangu hapo daftari lilimfuata mwaka baada ya mwaka: kifua inchi arobaini, arobaini na moja, arobaini na mbili. Halikurudi nyuma hata siku moja. Mpaka miezi mitatu kabla ya tangazo, alipoingia kwa mlango wa uani, Bi Pindo akazungusha futi ya kupimia, na futi ikasema thelathini na saba.

Akaipima tena. Thelathini na saba.

"Usipime mara ya tatu, fundi," Daraja akasema taratibu. "Haijakosea. Daktari kanihesabia miezi, si miaka."

Bi Pindo akakaa kwenye kigoda, futi imelala mapajani.

"Sitagombea. Lakini mama yangu hajajua, na ana miaka tisini. Akilisikia redioni litamuua kabla halijaniua mimi. Nataka nimwambie kwa mdomo wangu, na maneno sijayapata bado. Utanificha? Unaweza kunirudisha nilivyokuwa?"

Bi Pindo angesema tu, "Nitajaribu." Lakini fundi akiulizwa kama anaweza, huwa anasahau kuuliza kama inafaa. "Naweza," akajibu, na akaahidi kwamba mdomo wake hautafunguka.

Basi ndiyo hiyo kazi ambayo mtaa uliiona kwenye televisheni.

Washindani wa Daraja nao hawakulala. Siku hiyo hiyo jioni makamu wake chamani alitoka kwa waandishi na uso wa msiba, akasema "kwa uchungu mkubwa" amekubali kubeba jukumu. Suti alikuwa ameshaivaa. Mgombea wa chama kingine, aliyeitwa Tabasamu kwa kuwa meno yake hayajui kupumzika, alimsifu redioni: "Mwenzangu amepima uwezo wake akaona haufiki. Huo ni ukomavu." Sifa gani hizo! Afadhali angetukana.

Siku ya pili karani wa Tabasamu akaingia dukani na kitambaa cha bei. Bosi wake alitaka koti. Karani akapapasa kitambaa, akazunguka, akaliona daftari.

"Nasikia vipimo vya Daraja viko humu, mama. Tungeviona kidogo tu, tulinganishe. Amenenepa siku hizi?"

"Daftari hili hata marehemu mume wangu hakulisoma," Bi Pindo akamjibu. "Kitambaa chako kizuri. Kipeleke kwa fundi mwenye muda."

Huyo hakumsumbua. Aliyemsumbua ni damu yake. Kipaza aliingia siku ya tatu macho mekundu, mkononi ana picha ya Daraja aliyoibandua ukutani kwake.

"Dada, wewe ndiye fundi wake. Kakwambia kanunuliwa na nani?"

"Hakuna aliyemnunua."

"Unajuaje?"

Bi Pindo akachomeka uzi kwenye sindano, ukakosa tundu, akachomeka tena.

"Nakuuliza unajuaje! Miaka kumi na miwili mimi napigwa jua kwa ajili yake. Watu wananiuliza njiani, Kipaza, mtu wako vipi? Nawajibu nini? Mtu hasemi hata naumwa, hata nimechoka! Sawa. Jumamosi nasimama uwanjani. Watu wa Tabasamu wamenipa jukwaa. Nitawaambia wote kwamba tuliuzwa."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mdogo wangu."

"Methali sizitaki, dada. Nataka jibu." Akasubiri. Alipoona hapati, akasema kwa sauti ya chini, jambo ambalo kwake ni hatari zaidi, "Au na wewe wamekununua?"

Alitoka akauacha mlango wazi. Bi Pindo hakushona tena siku hiyo. Alijua sauti ile ikisimama uwanjani watu wataiamini, maana Kipaza hakuwahi kumsema Daraja vibaya. Mtu aliyejenga daraja angezikwa kwa jina la msaliti. Siku ukweli ukijulikana, na mficha maradhi kilio humuumbua, mdogo wake atayakumbuka maneno yake mwenyewe maisha yote. Alimjua. Asingejisamehe. Neno moja tu lingezuia yote hayo, na neno hilo alikuwa ameahidi kutolisema. Alilia kwa hasira, akiulaani mdomo wake ulioahidi na mikono yake iliyotia pamba.

Ijumaa asubuhi dereva wa Daraja alilirudisha koti. "Anasema limekuwa kubwa tena."

Bi Pindo akaligeuza ndani nje, akafumua bitana, akalitandaza mezani. Akapiga mstari mpya wa chaki ubavuni. Saa saba Kipaza akaja, maana kila Ijumaa ndugu hawa walikula pamoja dukani tangu wazazi wao wafe, na ugomvi haukuwahi kuivunja desturi hiyo. Bi Pindo alizisikia hatua zake akiwa bado mlango wa tatu kutoka dukani. Shuka lilikuwa hapo hapo, limekunjwa kwenye kiti. Akaunyoosha mkono, akalishika.

Kisha akaliacha.

Kipaza akaingia, akaweka chakula, akanawa. Hakusalimu. Macho yake yakaangukia mezani kabla hajakaa, nayo yalikuwa macho ya mtoto wa fundi. Koti lile alilifahamu, nani asiyelifahamu? Akalisogelea. Akabonyeza bega kwa kidole gumba, akahesabu tabaka kimya kimya, midomo ikicheza. Akapitisha kidole ubavuni: mshono wa zamani, mshono mpya, halafu ule mstari wa chaki, bado mbichi, vidole viwili ndani zaidi. Akarudi mwanzo akapitisha tena.

"Dada."

"Mimi sijasema kitu."

"Hujasema."

Akakaa. Chakula kikapoa. Nje kinyozi alikuwa amefungua redio, na mtu alikuwa anacheka kwa sauti kuhusu Daraja. Kipaza aliziba uso kwa viganja, mabega yakatikisika, na Bi Pindo hakumgusa, kwa sababu alijua akimgusa tu watalia wote wawili na mtaa utakuja kuuliza kuna nini. Mwishowe Kipaza akajifuta uso kwa mkono wa shati, akalivuta koti mapajani.

"Umemwekea mabega mazito mno," akasema. "Mtu wa hali hii atabebaje pamba yote hii? Atachoka kabla hajafika mlangoni. Nipe wembe wa kufumulia."

Miaka ishirini hakuwa ameshika kazi ya fundi. Walifanya pamoja mpaka jioni. Bi Pindo alimweleza kitu kimoja tu, kwamba mama yake Daraja hajui, na Kipaza akaitikia kwa kichwa.

Jumamosi uwanja ulijaa. Karani wa Tabasamu mwenyewe alimkabidhi Kipaza kipaza sauti, meno nje kama bosi wake. Bi Pindo alisimama nyuma kabisa. Mdogo wake akakisogeza mdomoni.

"Nilikuja kusema jambo," akasema. "Silisemi tena. Daraja hakuniuza mimi. Nami simuuzi."

"Sababu basi! Tupe sababu!"

"Sina ruhusa nayo."

Loo! Uwanja ulilipuka. "Naye kanunuliwa!" "Ndugu yake si ndiye anayemshonea? Familia nzima!" Watu aliowatembelea miaka kumi na miwili, aliozika nao, walimvuta jukwaani kwa shati mpaka mkono wa kushoto ukabanduka begani. Hakujibu hata tusi moja. Alishuka, akampita dada yake bila kumtazama ili wasimwandame na yeye, akaenda zake akiwa na mkono mmoja wa shati.

Jumapili, Daraja aliingia kwa mlango wa uani, dereva kamshika kiwiko. Alimkuta Kipaza nyuma ya pasi. Wakatazamana. Bi Pindo akasimama kati yao kama mtuhumiwa.

"Nimeivunja ahadi," akasema. "Mdomo sikuufungua, lakini koti sikulifunika. Unisamehe, au usinisamehe, vyovyote."

Daraja aliketi kwanza. Kusimama kulikuwa kazi. "Nimeambiwa walichokufanya jana," akamwambia Kipaza. "Ulikuwa unajua, ukanyamaza?"

Kipaza akaisogeza pasi pembeni, akaitikia kwa kichwa. Yeye, Kipaza!

"Leo nakwenda kwa mama," Daraja akasema. "Nilidhani nahitaji koti la kunificha nikifika kwake. Sasa sitaki. Nimbebeshe mtu mwingine siri hii hadi lini? Toeni pamba yote. Nishoneeni la saizi yangu, la leo. Nataka mama anikumbatie mimi, asikumbatie pamba. Akishajua yeye, wengine watajua kesho."

Bi Pindo akavaa futi shingoni, akamsaidia kusimama. Kipaza, bila kuambiwa, akalichukua daftari kwenye mtoto wa meza, akafungua ukurasa wa Daraja, akashika kalamu kama alivyoishika akiwa na miaka tisa. Bi Pindo akazungusha futi kifuani. Haikuwa na pa kushika ila mbavu.

"Thelathini na nne," akataja.

Sheria ni sheria. Anayeandika lazima arudie. Kipaza akainama juu ya daftari, akaileta midomo karibu kabisa na karatasi, akairudia namba ile kwa sauti ndogo ambayo hata dereva aliyesimama mlangoni hakuisikia. Kisha akaiandika.