Malkia wa Kibanda cha Video

Juzi nilikuta kwenye simu filamu ya zamani ya malkia anayempenda mwanamume asiyeruhusiwa kumuoa. Papo hapo nikasikia harufu ya mahindi ya kuchoma na jasho la kibanda cha video cha mtaani kwetu utotoni, Nyamirambo.

Alasiri moja, nikiwa mdogo, mama alinipakata humo gizani. Nje, dereva wa Mwanza aliyetaka kumuoa alikuwa anangoja jibu. Bibi, mama wa marehemu baba, alishasema: mama akiolewa, mimi nabaki kwake yeye Bibi.

Mtafsiri alikaa kando ya televisheni akiwa na kipaza sauti, akiwasemea wahusika wote kwa lugha yetu, nami niliamini ndiye anayeamua mambo. Malkia alisimama dirishani. Chini, mpenzi wake alimngoja kwenye gari la farasi. Mkono wa mama ulinibana.

“Anko, mwambie asiende,” nikasema, nikilia.

Watu walicheka. Mtafsiri alinitazama, kisha akasema kwa sauti ya malkia, “Siwezi kumwacha mwanangu.”

Mama alinyanyuka, akatoka. Dereva aliondoka peke yake.

Juzi niliirudia sehemu ile, tena na tena. Malkia pale hasemi neno. Wala hana mtoto.