Lenzi Pana kwa Chumba cha Mgonjwa

Mke wangu hakutaka picha ya simu. Picha pekee ya marehemu mama yao, yeye na ndugu zake, ilikuwa kwenye simu ya dada yake mkubwa, na simu ile ilizama ziwani pale Kibirizi wakati wakishusha mizigo. Kwa hiyo ndugu zake wanne walipofika kumwangalia, akaniita: "Mzee, tupige sote watano. Kwenye karatasi. Na usikate mtu."

Siku hizo alikuwa hainuki tena. Hospitali walishatuambia turudi naye nyumbani, na mtu mzima akiambiwa hivyo haulizi mara ya pili. Ukimsogeza kidogo analia. Habari ya kumpeleka uani kwenye mwanga ilikuwa haipo. Picha ilitakiwa ipigwe mle mle chumbani, na chumba hicho hapa Ujiji nilikijenga mwenyewe nikiwa kijana, nikijua bei ya tofali na sijui kitu kingine. Kitanda kikishaingia, watu wanapita kiubavu.

Shule niliishia darasa la nne. Nyumba hii, mahari, ada za watoto, vyote vimetoka kwenye kamera moja ya Kirusi ya zamani, nami siombi radhi kwa mtu. Kamera hiyo hutazami kupitia lenzi. Ina kidirisha chake juu. Ndani unamwona mtu mara mbili, unazungusha lenzi mpaka wale wawili wawe mmoja, ndipo unafyatua. Lenzi yangu ni ya milimita hamsini, nyembamba, nzuri kwa uso wa mtu. Nilijibana ukutani mpaka misumari ya nguo ikanichoma mgongo, nikapata watu watatu na bega.

Ndugu walikuwa wanaondoka kesho yake kwa boti ya saa sita, wanarudi Mwamgongo. Nikapanda bodaboda hadi Mwanga.

Kuna fundi redio pale ambaye marehemu baba yake alikuwa na studio ng'ambo, Kongo. Akaniona akacheka.

"Shikamoo mzee wa picha! Hilo chuma bado halijakuzika?"

"Marahaba. Tutazikana. Nataka lenzi pana, ya kuchukua watu wote."

Akamimina juu ya meza vilivyokuwa ndani ya kopo kuukuu la maziwa ya unga. Lenzi mbili. Moja safi, kioo kinang'aa kama jicho la mtoto. Nyingine imechubuka, ina ukungu ndani kama utando wa buibui, na kioo chake cha nyuma kimetokeza kama jicho la chura. Maandishi ya Kirusi sijui kuyasoma, na hata yangekuwa ya Kiswahili nisingeyasoma kwa haraka.

"Zote nyuzi zake za kuzungushia zinaingia kwenye kamera yako," fundi akasema. "Ila hii safi, baba aliitoa kwenye kamera ya aina nyingine, ile yenye kioo tumboni. Nasikia kwenye kamera kama yako picha hazi..."

"Wewe tengeneza redio."

Niliizungusha, ikaingia laini kabisa. Nikaondoka nayo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa na desturi moja: lenzi ngeni haitiliwi mkanda wa picha kabla ya kujaribiwa kwa karatasi. Unapaka karatasi ya daftari mawese mpaka ipitishe mwanga, unaibandika nyuma ya kamera mahali pa mkanda, unaacha lenzi wazi na kutazama picha inavyotua pale. Ni kazi ya robo saa. Sikuifanya. Nilijiona nimeshapita huko.

Na kamera yenyewe ilinionya. Nilipozungusha ile lenzi chumbani, wale watu wawili wa kidirishani hawakusogea hata chembe. Ningepaswa kusimama hapohapo. Nikapima umbali kwa hatua, nikaweka namba, nikajiambia lenzi pana husamehe kosa la umbali.

Tulimwinua. Alilia, ndugu wakamshika mabega, kisha akatulia. Shemeji yangu wa kiume akavuta tumbo ndani.

"Liache," mke wangu akamwambia. "Mama mwenyewe alilijua."

Wakacheka. Nikafyatua mara tano.

Alasiri nilijifungia stoo, nikaziba mlango kwa mablanketi, nikasafisha mkanda. Nikautazama dirishani, kwenye mwanga. Mabonge matano ya moshi. Hakuna jicho wala pua, hata mto huwezi kuujua. Niliwahi kuharibu picha za harusi ya watu, na bado nikala. Siku hiyo sahani niliirudisha jikoni.

"Zimetoka?" akaniuliza kutoka kitandani.

"Zinakauka."

Miaka yote ya ndoa sikuwa nimemdanganya kuhusu kazi.

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa fundi kabla hajafungua. Alipofika alinitazama usoni, akaingia, akatoka na ile yenye jicho la chura. Angenitukana ningepata nafuu. Nikaomba mawese kwa mama wa maharage jirani, nikapaka karatasi, nikaibandika. Mafundi cherehani wa ng'ambo ya barabara wakatua pale kwenye karatasi kichwa chini miguu juu, weupe kidogo kama wamefunikwa chandarua, lakini niliweza kuhesabu vifungo vyao.

Nilipofika nyumbani mizigo ilikuwa imeshatolewa barazani.

"Shemeji, boti haingoji," dada mkubwa akasema. "Jana si ulipiga?"

"Sikupiga kitu. Nilikosea."

"Wewe?"

"Mimi."

Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Kujisifu kote kule. Na sasa unataka tumwinue tena?"

Mke wangu ndiye aliyejibu kutoka ndani, kwa sauti ya kukwaruza: "Niinueni."

Usiku ulikuwa umemchukua nguvu zote. Safari hii hakulia kidogo. Alilia mpaka ndugu yake wa kiume akageuza uso, na mimi nimesimama ukutani nazungusha lenzi, wale wawili kidirishani wanakaribiana taratibu, taratibu mno, na kila nukta ya kuchelewa ilikuwa maumivu yake kwa kosa langu. Wakawa mmoja. Nikafyatua. Nikafyatua tena. Wakamlaza.

Picha ilitoka. Ina ukungu upande wa dirisha, lakini wote watano wamo. Mke wangu aliiweka karibu na pua, akawapitia kwa kidole mmoja mmoja. Lenzi pana huvuta watu wa pembeni, na dada mkubwa alikuwa pembeni.

"Umemnenepesha dada," akasema. "Atakuua." Akacheka hadi kikohozi kikamkamata, nami nikamshika mkono mpaka kikaisha. "Mpelekee yake. Aione mwenyewe."

Nakala ilipanda boti Jumatano. Ijumaa dada mkubwa alirudi nayo mkononi, amekuja kuzika.