Tanuru la Mjomba

Nilikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya biashara. Mhadhiri wa somo la biashara endelevu alitutaka kila mmoja achague biashara anayoijua, aeleze itakavyoendelea bila kumaliza kile inachokitegemea. Mimi nilichagua tanuru la matofali la mjomba wangu kule Ruangwa. Tangu siku hiyo sikutulia. Matofali hayo ndiyo yaliyonisomesha, na yalichomwa kwa kuni ambazo kila mwaka mjomba alizifuata mbali zaidi.

Nilipofika likizo nikakuta kuni ameshazipata karibu: mikorosho ya bibi, mama yake, kule Malolo. Ilikuwa imezeeka, haizai kama zamani, na bibi alikuwa amekubali ikatwe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati mzuri. Utanisimamia wakataji."

Chakula cha mchana nilikichezea tu. Kabla mjomba hajanawa nikamwambia yote kwa haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa: kwamba Nachingwea kuna mashine ya kukoboa mpunga, kwamba pumba zinarundikwa nyuma yake na kuchomwa bure, kwamba kuna watu wanachomea matofali kwa pumba.

"Wewe umewahi kuchoma hata tanuru moja?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Ndiyo maana naomba tujaribu dogo."

Alicheka, akaniita profesa mbele ya vibarua wake. Lakini kesho yake alikodi kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, tukaenda Nachingwea, tukarudi na magunia ya pumba, vumbi limetujaa mpaka kwenye kope.

Tulizijaza pumba katikati ya matofali, tukakandika udongo nje, tukawasha. Nikashindwa kukaa. Nilizunguka lile tanuru kama kuku anayetafuta pa kutagia, naligusa ukutani, nachungulia moshi.

"Kaa chini bwana," mjomba akasema. "Unanitia wasiwasi hata mimi."

Tulipolibomoa, ya katikati yalikuwa mekundu, magumu. Ya pembeni yalivunjika mkononi kama mkate mkavu. Fundi aliyekuwa akiyasubiri aliyatazama, akaaga, akaenda kununua kwa mtu mwingine. Mjomba hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Alichukua pikipiki yake, akaniambia nipande nyuma, twende Malolo. Nilijua anakwenda kukata mikorosho.

Bibi alikuwa anapepeta ufuta. Mjomba alimsimulia kila kitu, hakuficha hata yale yaliyovunjika. Bibi akaweka ungo chini.

Alianza kwa Kimwera, kwa ukali, halafu akageukia Kiswahili ili na mimi nisikie vizuri. "Wewe uliniambia njia nyingine hakuna. Ndiyo maana nikakubali. Kumbe ipo, hamjaijua tu?"

"Mama, imeshindikana."

"Imeshindikana mara moja. Matawi kata, hata mimi yananisumbua. Shina usiguse."

Mjomba alijaribu kubembeleza. Bibi akaokota ungo wake, akaendelea kupepeta.

Nilirudi chuoni kabla ya tanuru la pili. Kila simu ilipolia niliikimbilia. Mwishowe mjomba akapiga: amechanganya pumba na matawi ya mikorosho, mabovu ni machache, na yule fundi amerudi.

Nilipowasilisha kazi yangu darasani nilieleza yote, tanuru lililoharibika nikaanza nalo. Mwenzangu mmoja akauliza kama sasa biashara ile ni endelevu au siyo.

"Bado anachoma kuni," nikamjibu. "Ila miti imesimama."

Mhadhiri akatikisa kichwa kukubali, halafu akauliza, "Na moshi wa pumba unaelekea kwa nani?"

Nikaliona tena tanuru la mjomba. Upande ule upepo unakovumia kuna nyumba, nguo huanikwa uani, watoto hucheza. Niliwasalimia watu wale kila siku ya likizo yangu, nisiwaulize chochote. Nikarudi kukaa, mguu ukinichezacheza chini ya meza, nikahesabu moyoni ni lini nitapata nauli ya kwenda tena kuwauliza.