Ukurasa Mmoja wa Mnara wa Taa

Bandari yetu ya Bukoba ilipopaka rangi mnara wake wa taa, kamati ya sherehe iligundua kwamba mnara hauna historia. Yaani ulikuwa nayo, ila haikuwa kwenye karatasi, na mgeni rasmi hawezi kusomewa hewa. Wakanitafuta mimi, mwalimu mstaafu wa Hamugembe, niandike ukurasa mmoja. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Kazi ilikuwa rahisi, maana baba yangu ndiye aliyeiwasha na kuisafisha taa ile mpaka alipostaafu, akarudi kwenye migomba yake Izigo. Nilipompa habari aliweka kikombe chini. "Mwana wange, jina langu liwemo," akasema. "Lisomwe nikiwa nimekaa pale, siyo mje kulisoma kwenye jeneza." Hakuwahi kuniomba kitu kingine.

Nikaenda Miembeni kuwauliza wazee wanaukumbuka mnara kwa lipi. Meli? Hakuna aliyetaja meli. Wote walitaja senene, wale panzi wa kuliwa. Kila msimu wao ulipofika waliivamia taa mpaka kioo kikawa kijani, na baba, badala ya kuwafagilia ziwani kama wakubwa wake walivyoagiza, aliwajaza kwenye gunia akawagawia majirani. Nusu ya mtaa ilinenepa kwa mali ya umma. Niliandika yote hayo, na jina lake juu.

Mwenyekiti wa kamati alisoma huku amekunja uso. "Mwalimu, hii ni historia au mapishi? Mtunza taa anayezoa senene! Wageni watatuonaje?" Alitaka iandikwe kwamba taa iliongoza vyombo kwa weledi chini ya usimamizi wa mamlaka husika. Kisha akaniambia kwa upole kwamba kiti changu kimewekwa meza kuu. Mimi huyu, niliyewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo, nikachukua kalamu nikamfuta baba yangu.

Sherehe ilifana. Nilisoma, mamlaka husika ikapigiwa makofi, kisha wageni wakaletewa senene wa kukaanga, na mwenyekiti akajipakulia mara mbili. Baba alikaa mstari wa mbele na koti lake la kanisani. Masikio yake yalishachoka siku nyingi, na spika zilikuwa zinakoroma, kwa hiyo alipiga makofi kila wengine walipopiga. Niliona aibu, lakini si ya kunitoa kwenye kile kiti.

Tulipokuwa tunaondoka akaniuliza, "Jina langu umelisoma mwanzoni au mwishoni?"

"Mwanzoni, Tata."

Jumapili, baada ya ibada, aliwaambia wazee wenzake wa Izigo kwamba jina lake lilitangulia hata la mgeni rasmi. Wakanigeukia nithibitishe. Nikathibitisha.